Pilipili na Ulimi wa Kuazima

Jumapili, 9 Februari

Theluji nje, maneno ndani. Tumekula mchana kwa wifi, dada yake Baba Mapacha. Tangu aanze kutazama video za mapishi kwenye simu amekuwa profesa. Aliandaa nyama, viazi na maelezo. Maelezo ndiyo yaliyoshibisha.

Nimetafuna, nimemeza, nimesema "mmh, tamu". Ndivyo ninavyokula tangu yale mafua ya mwaka jana – natafuna kadibodi na kusifia. Sisikii harufu, sisikii ladha. Chumvi, sukari, ndimu, sabuni: vyote baba mmoja mama mmoja. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi. Asante sana, daktari! Hata mimi ningeweza kusema hivyo bila koti jeupe.

Hajui mtu. Baba Mapacha hajui. Kazini ndiyo kabisa. Mpishi mkuu wa makao ya wazee asiye na ulimi – nani atamweka?

Sasa, katikati ya meza wifi alikuwa na bakuli la pilipili ndogo kavu, nyekundu. Pambo tu, aliletewa na mtu wa safari. Nikachukua moja nikaitia kinywani, basi tu, kinywa kipate shughuli wakati wifi anahutubia.

Lo! Moto! Ulimi, kaakaa, masikio. Nimesikia kitu! Baada ya miezi ya kutafuna hewa, kitu kimenigusa mdomoni. Nikalia. Machozi ya kweli, ya furaha. Wifi akamgeukia kaka yake: unaona, mtu mwenye roho safi akila chakula kilichopikwa kwa upendo hulia. Haya, achukue sifa. Mimi nilishatia pilipili nne mfukoni.

Jumanne, 11 Februari

Nimepita maduka yote ya mtaa huu. Pilipili hoho tu! Kubwa, zinang'aa, zina adabu zao, hazimuudhi mtu. Unga wa pilipili upo, lakini ni rangi. Nimelamba kijiko kizima dukani, mbele ya muuzaji. Hakuna kitu. Muuzaji akaniuliza kama niko sawa.

Basi nitapanda mwenyewe. Nimepasua pilipili za wifi, nimetoa mbegu, nimezifukia kwenye makopo ya mtindi na kuyapanga juu ya boila bafuni. Hapo ndipo mahali pekee penye joto katika nyumba hii, ukiacha ulimi wa wifi.

Baba Mapacha kaingia kuoga. Yeye ni fundi madirisha, siku nzima anabeba vioo kwenye upepo, kwa hiyo hali ya hewa anaiona ni jambo lake binafsi.

"Mama Mapacha, haya makopo ni ya nini?"

"Pilipili kali."

"Hapa? Hapa hata nyasi zinataka sweta."

"Zitakua."

"Haya. Ila mimi nikioga nisije nikapaliwa."

Kacheka peke yake kwenye maji kwa muda mrefu. Mwanamume huyu akijichekesha hahitaji msaada.

Alhamisi, 20 Februari

Naandika nikiwa stoo ya kazini, nimekalia gunia la viazi. Hapa ndipo wifi hawezi kuchungulia.

Naibu wangu jikoni namwita Kofia. Ana cheti cha upishi na ana kofia nyeupe ndefu kiasi kwamba akipita mlangoni huinama kama anaingia kwa mkwe. Sisi tunapikia wazee wasio na meno. Supu, viazi vya kuponda, uji. Kofia hiyo ya nini? Ana miaka mingi anangoja nistaafu. Nilikuwa nikimwita "mwiko wenye cheti", na mbele ya watu.

Lakini shida haichagui mlango. Leo nimempa kijiko: "Onja. Unaonaje?"

Akababaika. Akaonja. Akakunja uso kidogo, upande wa kushoto. Nikajua chumvi imepungua. Nikaongeza. Akaonja tena, uso ukafunguka. Basi!

Ndiyo dawa niliyoipata: napika kwa mizani, kwa mazoea, na kwa uso wa Kofia. Ni uso mzuri kuusoma, hauna siri. Na yeye kavimba kichwa – anadhani namwandaa kurithi jiko.

Jumamosi, 15 Machi

Zimeota! Miche kumi na kitu, myembamba, mirefu, inaegemea dirishani kama wafungwa. Wifi kaja bila kualikwa. Anasema nizipulizie feni zikaze shina. Nizisemeshe. Niziwekee mdalasini. Nikamwuliza amewahi kupanda nini. Akasema yeye ni mtu wa nadharia.

Nimeweka feni. (Hajui.)

Baba Mapacha kaziangalia kwa jicho la pembeni, kisha akatoka. Karudi na dirisha bovu la mteja, fremu na kioo chake, akaliegemeza ukutani uani. "La nini?" "Basi tu." Huyo ndiye mume wangu. Swali la maneno kumi hulijibu kwa mawili.

Ijumaa, 11 Aprili

Aibu. Aibu kubwa!

Kofia alikuwa na ruhusa ya siku moja. Kastadi ya wazee nikaipika peke yangu. Maziwa, mayai, vanila, na kile kilichokuwa kwenye kopo la sukari. Msichana wa stoo alikuwa amelijaza chumvi. Nyeupe kwa nyeupe. Mtu yeyote angeonja akajua. Mtu yeyote mwenye ulimi!

Ukumbini waliitia kinywani. Halafu vijiko vikaanza kushuka mezani kimoja kimoja. Bibi mmoja akamtemea nesi. Na Hakimu akasimama.

Hakimu ni mzee wa chumba cha pembeni. Alikuwa hakimu kweli, na hajaarifiwa kuwa alistaafu. Kila siku huitolea supu yangu hukumu. Leo akainua bakuli juu: "Hiki si chakula. Hiki ni ushahidi."

Meneja kaja mbio, manukato mbele yeye nyuma. (Nadhani. Zamani ndivyo ilivyokuwa, sasa sisikii.) Nikasema makopo yalibadilishwa, nikamtupia lawama msichana wa stoo. Meneja akaniuliza: "Kwani hukuonja?" Nikasema nilikuwa na haraka.

Msichana wa stoo kalia. Nimemwona.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakimu kaniita chumbani kwake. Kitanda, kiti, redio, dirisha linalotazama maegesho. Kajifunika blanketi magotini kama joho.

"Mpishi, funga mlango. Wewe huonji."

"Mzee, nilikuwa na haraka –"

"Usinidanganye, nimedanganywa na watu wenye ujuzi kuliko wewe. Nimekutazama pale dirisha la kuchukulia chakula. Kijiko unampa yule mwenye kofia. Wewe mwenyewe kijiko hakigusi mdomo. Tangu lini?"

Sijui kilichonipata. Nikamwambia. Mafua, kadibodi, pilipili za wifi, makopo juu ya boila. Yote! Mume wangu simwambii, namwambia mzee aliyeiita supu yangu "kosa la jinai".

Akacheka mpaka blanketi likaanguka.

"Hata mimi," akasema. "Nina miaka sisikii kitu. Uzee. Unadhani kwa nini nagomba kila siku? Hilo zogo ndilo ladha pekee iliyobaki."

Halafu akatoa hukumu: atanyamaza, kwa sharti moja. Pilipili zikizaa, za kwanza nimletee. "Nataka kitu kinachouma, mpishi. Nimechoka kupooza."

Nikamkumbusha kuwa daktari amemkataza. Akasema daktari ana miaka thelathini na hajawahi kuchoka na uji.

Hivyo nimepigwa faini na mzee wa blanketi. Nalima kwa ajili ya watu wawili sasa.

Jumapili, 18 Mei

Jua! Siku ya tatu mfululizo. Wifi kasema wakati umefika, hata yule mtu wa kwenye video keshapanda nje. Baba Mapacha akasema tungoje. Wifi akasema kaka yake ni mwoga tangu utotoni. Nikamsikiliza wifi. Mimi! Mwenye akili zangu!

Miche yote iko uani, safu mbili. Inapendeza.

Jumatatu, 19 Mei

Barafu alfajiri. Miche imelala chini, imekuwa myeusi, laini, kama mboga iliyosahaulika kwenye friji. Nimepiga magoti kwenye matope na gauni la kulalia, nikihesabu maiti.

Nimempigia wifi. Anasema huenda sikuzisemesha vya kutosha.

Tatu zimepona. Zilikuwa chini ya lile dirisha bovu – Baba Mapacha alikuwa ameliinamisha juu yake jana jioni, bila kusema. Kwa nini hukufunika zote? Akasema dirisha lilikuwa moja. Kwa nini hukuniambia? "Ulikuwa unamsikiliza mtaalamu."

Kanijibu kwa maneno matatu! Kakasirika kweli.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi. Nimekasirika, halafu nimecheka, halafu nimekasirika upya.

Asubuhi Baba Mapacha kaniletea chai kitandani. Kwa wiki sasa amekuwa akiniletea chai. Nikadhani ni mapenzi ya uzeeni. Nikajiambia, mwanamke, umebarikiwa. Nikanywa nusu kikombe, nikasema "asante, tamu".

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Buti miguuni, mikono yake yenye makovu ya vioo imelala magotini.

"Ina chumvi," akasema.

"Nini?"

"Chai. Nimetia chumvi. Jana pia. Juzi siki."

  Nje jirani akiwasha gari, linakataa.

"Tangu lini, Mama Mapacha?"

"Umenijaribu kama panya!"

"Nimekuuliza mara ngapi kama uko sawa? Kila mara 'niko sawa, niko sawa'. Nikachoka kuuliza kwa mdomo."

"Umeninywesha siki!"

"Na ukasema tamu."

Nikamrushia mto. Akaudaka. Nilipoanza kulia hakusema kitu cha maana, hajui kusema vitu vya maana. Akauliza tu: "Kwa hiyo zile pilipili…?" Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo. Akainuka, akatoka uani na koti lake la kazi. Mchana mzima nimesikia nyundo. Madirisha ya wateja wanane, ya rangi nane, yamesimama sasa kuizunguka ile miche mitatu. Nyumba ya vioo! Imepinda. Moja lina stika ya benki, jingine limeandikwa "Usiegemee".

Bado nimekasirika kuhusu siki.

Jumamosi, 19 Julai

Mvua, ukungu, mvua. Maua yanatoka meupe, madogo, yanaanguka yote. Hakuna nyuki mwenye akili timamu anayetoka kwenye baridi hii. Wifi kashauri nifanye kazi ya nyuki mwenyewe, kwa brashi laini. Wazo zuri, lazima nikiri. Nimetumia brashi yake ya poda, aliyoisahau bafuni. Nimepita ua kwa ua nikipapasa. Baba Mapacha kapita na ngazi begani: "Msalimie malkia wenu."

Jumamosi, 16 Agosti

Ipo. IPO!

Pilipili moja imegeuka nyekundu. Nyingine ishirini na kitu bado kijani. Nimeichuma kwa mkasi kama nakata kitovu. Baba Mapacha kanisindikiza mpaka jikoni, kofia ya kazi mkononi, utadhani tumekwenda kumzika mtu au kumbatiza.

Nikang'ata nusu.

Mwanzo hakuna kitu. Nikaanza kuogopa. Halafu ikaja – polepole, kutoka nyuma ya ulimi, ikapanda, ikashika mashavu, ikafungua pua, ikanitoa jasho kwenye nyusi.  Nilipiga meza kwa kiganja. Mdomo wangu ulikuwa na mtu ndani!

Baba Mapacha akala ile nusu nyingine. Kwa ushirikiano, anasema. Akawa mwekundu, akakimbilia bomba, akanywa maji, moto ukazidi, akakimbilia maziwa, akamimina nusu kifuani. Akalaani kwa lugha za mafundi wote aliowahi kufanya nao kazi.

Sijacheka hivyo tangu mapacha wahame nyumbani.

Nimemaliza kucheka nikajikuta nanusa chupa ya maziwa. Nilikuwa najaribu tu. Hakuna kitu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimempelekea Hakimu pilipili mbili, nimezifunga kwenye leso ya karatasi. Kazipokea kama rushwa, yaani kwa uzoefu. Akang'ata ncha. Macho yakamtoka, masharubu yakatetemeka, akashika mkono wa kiti. Nikafikiri nimeua hakimu.

Akapumua. Machozi yanamtiririka. "Endelea kulima," akasema.

Alhamisi, 11 Septemba

Mambo yameharibika.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikimpelekea Hakimu mgawo wake. Nilidhani anakula peke yake. Kumbe kafungua mahakama ya rufani! Meza yake yote inapata. Wanakata kwa kisu cha siagi chini ya meza, vipande kama punje ya mchele, na kutia kwenye supu. Bibi aliyekuwa hataki kula, sasa anamaliza bakuli. Babu wa kitanda cha dirishani kaanza kumsifia nesi mavazi. Nesi alikuwa anashangaa, furaha hii yatoka wapi.

Leo mchana kapewa mzee mgeni, hajui. Kala kipande kizima. Kakohoa mpaka meno ya bandia yakaruka mezani. Nesi mbio, maji mbio, Meneja mbio. Wakapekua. Chini ya leso ya Hakimu: pilipili tatu, nyekundu, mbichi, za leo.

"Nani kaleta hizi?" Meneja kauliza.

Ningesema. Nilishafungua mdomo. Lakini Hakimu hakuweza kuona wameichukua leso yake akanyamaza. Kasimama, kaanza kuhutubia juu ya haki ya mtu mzima kuungua ulimi wake mwenyewe. Alikuwa vizuri kabisa. Angeishia hapo! Lakini hotuba zikimkolea hajui breki ziko wapi. Akamalizia: "Tunalishwa vitu visivyo na ladha, kwa sababu hata mpishi mwenyewe haonji! Hawezi!"

Ukumbi mzima ukageuka kutazama dirisha la kuchukulia chakula. Mimi nimesimama pale na upawa.

Hakimu aliponiona akakaa. 

Meneja kaniita ofisini. Nikasema mzee anatia chumvi kwenye maneno. Nikasema naonja kama kawaida. Pilipili nikakiri ni za bustani yangu. Akaniandikia onyo la pilipili. La ulimi akasema "tutaona".

Jumatano, 24 Septemba

Kofia yuko likizo, wiki yake ya pili. Napika kipofu. Mizani naifuata, lakini mfupa wa supu hauna mizani, jibini haina mizani, kila gunia la viazi lina tabia zake.

Leo nesi kaja jikoni, kwa heshima, mlango kaufunga nyuma yake. Anasema presha za wazee wanne zimepanda tangu wiki iliyopita. Anauliza kama tumebadilisha chumvi.

Nikasema hapana.

Akaondoka. Nikamwaga supu yote ya jioni, lita kwa lita, kwenye sinki. Wamekula mkate na mayai.

Hilo sijalicheka bado, na sitalicheka.

Jumamosi, 4 Oktoba

Meneja kanipa taarifa jana: Jumanne, mbele yake na wajumbe wawili wa bodi, mabakuli matatu ya supu. Moja halina chumvi, moja limezidi, moja liko sawa. Nichague linalofaa kupelekwa mezani. Kofia ndiye atakayepika, maana ndiye naibu. Ndiye pia atakayekaa kwenye kiti changu. Mtahini na mrithi, kofia moja!

Wifi kapata habari (kutoka wapi? hewani?) na kaja na mazoezi ya kunusa: limau, karafuu, kahawa, kila siku asubuhi. Anasema angenisaidia tangu mwanzo kama ningemwambia. Nilitaka kumjibu vibaya. Kisha nikaona mikono yake. Kafunga kila kitu kwenye vitambaa vidogo, kashona lebo. Nikasema asante.

Usiku barafu inakuja. Tumehamisha pilipili zote tatu kutoka nyumba ya madirisha mpaka sebuleni. Zimekuwa kubwa, zinaziba televisheni. Baba Mapacha anatazama mpira kupitia majani.

"Waambie ukweli tu," akasema, macho kwenye mpira.

"Niwaambie nini? Tangu mwaka jana nimepikia wazee kwa kubahatisha?"

"Ndiyo."

"Watanifukuza."

"Wanaweza."

"Unasema kwa wepesi sana."

Akapunguza sauti ya televisheni. "Nilisema tungoje kupanda, hukunisikia. Sasa sisemi tena mara mbili." Akaongeza sauti.

Nilitaka kumrushia limau la wifi. Nililinusa kwanza. Hakuna kitu.

Jumanne, 7 Oktoba

Stoo. Gunia la viazi. Wajumbe wa bodi wamefika, nasikia viti vikiburutwa ukumbini. Naandika mbio, mwandiko huu sitausoma kesho.

Kofia kaingia sasa hivi. Kafunga mlango. Nikasimama, sijui kwa nini, yeye ndiye mdogo.

"Bosi, sina muda. Sikiliza. Najua."

"Unajua nini?"

"Tangu ile Februari. Uliponipa kijiko ukaniuliza naonaje. Miaka yote hiyo hukuwahi kuniuliza naonaje, hata kuhusu mvua. Nikajua kuna jambo."

Nikakaa tena.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwa mara ya kwanza jikoni humu ulimi wangu una kazi." Kisha akashusha sauti. "Nilikuwa nakukunjia uso, ukawa unauelewa. Siku nyingine nilikuwa nazidisha kidogo, upate kuona vizuri."

Alikuwa anazidisha! Na mimi nilijiona mjanja, nasoma uso usio na siri!

Halafu akafungua kiganja. Pilipili yangu. Moja, nyekundu, kaileta kwenye karatasi – alimwomba Hakimu, anasema, mzee alikuwa ameficha ya mwisho kwenye redio. Mpango wake: kila bakuli lina kijiko chake. Kijiko cha supu iliyo sawa atakisugua na pilipili hii. Ukiungua, bosi, hiyo ndiyo. Meneja haonji, yuko kwenye dayati ya kupunguza mwili, na wajumbe wana karatasi ya majibu tu.

"Kwa nini unanifanyia hivi?"

"Ukiondoka wataleta mtu kutoka nje. Mimi hawanipi."

"Nani kakwambia?"

 Alikuwa keshashika kitasa. Nikamwita. Nilitaka kusema samahani kwa ule mwiko wenye cheti. Nikasema: "Wale wazee wa presha…" Akasema anajua, bosi, aliporudi alikuta chumvi stoo imepungua sana. Akatoka.

Sasa nimekaa na hesabu ya kijinga. Akisugua kijiko cha supu iliyozidi chumvi, nitaichagua hiyo kwa kujiamini, mbele ya bodi, na nesi atapata jibu lake, na Kofia atapata kiti. Ningekuwa yeye, baada ya miaka yote ya kuitwa mwiko, ningefanyaje? Najua ningefanyaje. Hilo ndilo linalonitia homa.

Na akisugua kile cha haki, nitafaulu. Nitabaki mpishi mkuu. Kesho nitasimama kwenye sufuria lile lile, na wazee wale wale watanyoosha mabakuli.

Ningeweza kutoka sasa hivi nikasema yote. Lakini nikisema, watauliza nani mwingine alijua. Nimwingize na yeye?

Mlango wa stoo una upenyo. Kofia kapita na trei. Mabakuli matatu yanatoa moshi, vijiko vitatu, vyote vinang'aa sawasawa. Nimetafuta uso wake, ule uso niliouishi tangu Februari. Kanitazama moja kwa moja. Hakukunja upande wowote.

Meneja ananiita. Kwa jina la cheo, si kwa jina langu.

Naja, nimesema. Bado nimekaa. Ananiita tena –